Maswali na Majibu: Semina Inayoanzia Kwenye Daftari la Mwanafunzi

Safu ya mwezi huu nimewatengea walimu wa Hisabati wa shule za upili hapa Nairobi. Tangu wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waingie sekondari pevu mnamo Januari 2026, barua za walimu hawa zimekuwa zikifika kwa wingi, na nyingi zinahusu semina na warsha za kuwaendeleza kikazi. Mimi mwenyewe nilifundisha somo hili kwa miaka mingi, nikahudhuria semina, kisha nikaziendesha, kwa hiyo ninajibu kama mtu aliyekaa upande wa wanaosikiliza na upande wa wanaozungumza.

SWALI: Hujambo Mwalimu? Nimefundisha Hisabati kwa miaka kumi na minne, na sasa niko katika shule ya kutwa huku Eastlands. Semina nilizohudhuria sina hesabu yake. Nyingi huenda hivi: tunajiandikisha asubuhi, tunapewa kalamu na daftari, mkufunzi anatusomea maandishi ya projekta mpaka saa saba, tunakula, tunasikiliza tena, tunapokea vyeti na kuondoka. Jumatatu ninafundisha vilevile nilivyofundisha Ijumaa. Sasa nimealikwa katika nyingine ya Jumamosi mbili, na nauli ni juu yangu. Nitajuaje kama inafaa kabla sijatoa pesa na muda wangu? (Mwalimu, Buruburu)

JIBU: Mwalimu mwenzangu, pokea salamu zangu. Kabla ya kulipa nauli, mpigie simu mwandalizi umwulize maswali mawili tu: siku hiyo tutafanya hesabu gani, na tutasoma kazi za wanafunzi gani? Akikutajia mada kubwa kubwa kama vile ubunifu, motisha na teknolojia, bila kukutajia hesabu hata moja, baki nyumbani upumzike, kwa maana pumziko nalo lina faida kwa wanafunzi wako.

Niruhusu nieleze ninachomaanisha kwa mfano mmoja. Mpe mtu yeyote swali hili: matatu inakwenda umbali wa kilomita 120 kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa, kisha inarudi njia ileile kwa kilomita 40 kwa saa. Wastani wa kasi yake kwa safari nzima ni upi? Wanafunzi wengi watajibu 50. Mwalimu atasahihisha, ataonyesha kwamba kwenda ni saa mbili na kurudi ni saa tatu, kwamba kilomita 240 ukizigawa kwa saa tano unapata 48, kisha ataendelea na swali la pili. Katika semina nzuri hatuendelei. Tunakaa hapo hapo na kuuliza 50 ilitoka wapi, na ni katika hali gani ingekuwa jibu sahihi, na tunagundua kwamba ingekuwa sahihi kama matatu ingesafiri kwa kasi hizo mbili kwa muda sawa badala ya umbali sawa. Halafu tunaulizana: ikiwa ilikwenda kwa kilomita 60 kwa saa, irudi kwa kasi gani ili wastani wa safari nzima uwe 120? Nimeona chumba chenye walimu thelathini kikinyamaza kimya kwa swali hilo, kalamu zikiandika na kufuta, mpaka mmoja akasema polepole kwamba haiwezekani, kwa sababu wastani huo unahitaji safari nzima iishe kwa saa mbili, na saa hizo mbili zilikwisha kutumika katika kwenda. Mwalimu aliyepitia kimya kile hafundishi tena wastani wa kasi kama kanuni ya kukaririwa.

Baada ya hapo ndipo madaftari huletwa mezani. Kila mwalimu anakuja na madaftari kumi au ishirini ya darasa lake, yakiwa yamefunikwa majina, na tunayapanga kwa mafungu kufuatana na aina ya kosa badala ya alama. Kuna aliyejumlisha kasi mbili na kugawa kwa mbili, kuna aliyejua kwamba anahitaji muda lakini akagawa kasi kwa umbali, na kuna yule ninayemwogopa zaidi, aliyepata jibu sahihi kwa njia isiyo sahihi, ambaye amewekewa alama ya vyema na hakuna atakayemfikia tena. Kila fungu linahitaji swali lake la kufuatia. Kuyaandika maswali hayo pamoja, mwalimu wa shule ya bweni akiwa ameketi na mwalimu wa shule ya kutwa, ndiyo kazi ninayoiita semina.

Uliza pia kama Jumamosi hizo mbili zinafuatana au zimeachana. Wiki tatu au nne zikiwa katikati yake, nawe ukitakiwa kufundisha somo fulani katika muda huo na kurudi na ushahidi wa yaliyotokea, hiyo ni dalili njema sana. Mazoea ya miaka kumi na minne hayavunjwi kwa siku moja, na hata kwa siku tano mfululizo yanatikiswa tu. Yanabadilika mwalimu anapojaribu, anaposhindwa, anaporudi kwa wenzake na kujaribu tena.

Wapo watakaokuambia kwamba haya ni mambo ya kigeni yasiyotekelezeka hapa, nami sikubaliani nao. Mwaka 1998 Kenya ilianza mradi wa SMASSE wa kuimarisha Hisabati na sayansi katika shule za upili, kwa ushirikiano na shirika la Japani la JICA, kwanza katika wilaya tisa za majaribio, na kuanzia 2003 ukaenea nchini kote. Kituo kilichokua kutokana na kazi hiyo, CEMASTEA, cha kuwafunza walimu wa Hisabati na sayansi, kipo hapa hapa Nairobi, mtaa wa Karen. Walimu wa rika langu wanakumbuka fundisho lake: mwanafunzi atende, afanye majaribio, mwalimu abuni vifaa kwa vitu vilivyopo, na kila somo lipangwe, lifundishwe, liangaliwe na kuboreshwa. Fundisho lilikuwa zuri. Kilicholidhoofisha, kwa maoni yangu, ni jinsi lilivyoshuka kwa ngazi, wakufunzi wa kitaifa wakiwafundisha wa wilayani, na wa wilayani wakiwafundisha walimu, hivi kwamba kila lilipopita mkononi lilipoteza kitu, na kilichotangulia kupotea kilikuwa kile kipengele cha mwisho cha kuangalia na kuboresha, kwa sababu hicho hakifanyiki ukumbini. Kinafanyika darasani, wiki zinazofuata, wakati wakufunzi wamekwisha kwenda zao.

Nami nina kosa langu la kukiri. Nilipoalikwa kwa mara ya kwanza kuendesha semina, nilizungumza kwa saa tatu kuhusu umuhimu wa kumwacha mwanafunzi azungumze. Mwalimu mmoja mama, aliyekuwa ameketi nyuma na ambaye nilimheshimu sana, alinijia wakati wa chai akaniuliza kwa upole, "Na sisi tutazungumza saa ngapi?" Sikuwa na jibu, na tangu siku hiyo sijawahi kuzungumza kwa zaidi ya dakika kumi na tano mfululizo mbele ya walimu.

SWALI: Mimi ni mzazi wa wasichana wawili walio kidato cha tatu. Muhula uliopita mwalimu wao wa Hisabati alikosekana darasani siku nne kwa sababu ya semina. Je, ni haki watoto wapoteze vipindi ili mwalimu apate cheti? (Mzazi, Umoja)

JIBU: Si haki, mzazi, na una kila sababu ya kuuliza. Semina ya siku nzima inafaa kufanyika likizoni au Jumamosi, na ikilazimika kuangukia siku ya masomo, mkuu wa idara anapaswa kupanga mwalimu mwingine wa Hisabati ashike vipindi hivyo. Nakuomba jambo moja tu. Mwulize mwalimu huyo, kwa heshima, amejifunza nini na wanafunzi watakiona wapi. Walimu wengi hawajawahi kuulizwa swali hilo na mtu yeyote, na wengi wangefurahi kulijibu.

SWALI: Niko mwaka wangu wa pili wa kazi. Je, vyeti vya semina za Jumamosi vinahesabiwa na TSC? (Mwalimu, Githurai)

JIBU: Usivichanganye. Mwaka 2021 Tume ya Huduma kwa Walimu, yaani TSC, ilizindua mpango wake wa mafunzo ya kuwaendeleza walimu, ikaukabidhi kwa taasisi nne: Chuo Kikuu cha Kenyatta, Chuo Kikuu cha Mount Kenya, Chuo Kikuu cha Riara na KEMI, taasisi ya mafunzo ya usimamizi wa elimu. Ulipangwa kwa moduli sita, kila moja ya miaka mitano, kwa ada ya Sh6,000 kwa mwaka, na vyama vya walimu viliupinga vikali, hasa kwa kuwa mwalimu alitakiwa kujilipia. Cheti cha semina iliyoandaliwa na chama cha walimu, shirika au kampuni ya vitabu ni kitu kingine. Mwandalizi akikuahidi kwamba chake kinahesabiwa, mwombe akuonyeshe ahadi hiyo katika waraka wa Tume yenyewe. Hata hivyo, ukiwa mwaka wa pili tu wa kazi, ningependa uende kwa sababu ya hesabu na wenzako utakaowapata huko.

SWALI: Mimi ni mkuu wa idara ya Hisabati katika shule ndogo. Tuko walimu watatu, shule haina fedha za semina, na mwalimu mkuu ametuambia wazi kwamba hakuna hata za nauli. Je, tunaweza kufanya jambo lolote la maana sisi wenyewe? Nikuambie pia kwamba mmoja wetu, kijana, hapendi kabisa kuona mtu ameketi nyuma ya darasa lake. (Mkuu wa Idara, Kawangware)

JIBU: Barua yako imenifurahisha kuliko zote, kwa sababu mna karibu kila kitu mnachohitaji. Walimu wa Japani wamefanya utafiti wa somo, yaani kuandaa somo pamoja, kuliangalia likifundishwa na kuliboresha, kwa zaidi ya karne moja, na walimu wa Marekani walianza kuuiga mwishoni mwa miaka ya 1990. Kinachohitajika ni walimu wachache, somo moja, darasa moja na muda wa kuketi pamoja. Watatu mnatosha kabisa.

Chagueni mada ambayo wanafunzi wenu hushindwa nayo kila mwaka. Msiichague kwa kukisia. Someni ripoti za Baraza la Mitihani, KNEC, ambazo huonyesha maswali yaliyowatatiza watahiniwa na makosa waliyofanya, kisha mzilinganishe na karatasi za mtihani wenu wa muhula. Tuseme mmechagua kukamilisha mraba, ile njia ya kutatua milinganyo yenye x², katika kidato cha tatu. Andaeni somo hilo pamoja, nyote watatu, kwa andalio moja. Mmoja atafundisha, wawili wataketi darasani wakiandika wanayoyaona, na mkishamaliza mtaketi siku hiyo hiyo, kabla hamjasahau, mkizungumzia yaliyotokea. Baadaye mtarekebisha andalio, na mwingine atalifundisha kwa mkondo wa pili kama mnao.

Nionyeshe jinsi maandalizi hayo yanavyoweza kwenda mbali. Chukueni karatasi ya manila na mkate mraba ambao urefu wa upande wake hatuujui, uitwe x. Mkate pia mstatili wenye urefu wa x na upana wa 6. Vipande hivyo viwili kwa pamoja ni x² + 6x. Sasa mpeni mwanafunzi swali: unaweza kuvipanga vifanye mraba mmoja mkubwa? Atahangaika. Mwacheni ahangaike. Baada ya muda, mmoja atafikiri kuukata ule mstatili katikati kwa urefu wake, apate vipande viwili vya upana wa 3, akiweke kimoja ubavuni mwa mraba na kingine chini yake. Hapo kila mtu mezani ataona pengo kwenye kona, na pengo hilo ni mraba wa 3 kwa 3. Yule mtoto aliyekuwa akiambiwa kila siku "gawa kwa mbili kisha uzidishe kwa yenyewe" sasa ameishika 9 kwa vidole vyake. Kama mlinganyo ulikuwa x² + 6x = 16, ukijaza kona kwa 9, mraba mkubwa unakuwa 25, upande wake ni 5, na x ni 2. Al-Khwarizmi, mwanahisabati wa Baghdad katika karne ya 9 ambaye jina la kitabu chake ndilo lililotupatia neno aljebra, alieleza milinganyo kwa michoro ya namna hii hii, na wanafunzi wenu watafurahi kulijua hilo.

Lakini msiishie hapo, kwa maana hapa ndipo walimu watatu wanapozidi mmoja. Mlinganyo huo una jibu la pili, nalo ni hasi 8. Karatasi haiwezi kulionyesha, kwa sababu hakuna karatasi yenye upande wa hasi 8. Je, mtawaambia wanafunzi hilo mapema, au mtasubiri mmoja aulize? Mkisubiri na asiulize mtu, mtafanya nini? Na vipi kuhusu x² − 6x, ambapo karatasi inabidi iondolewe badala ya kuongezwa? Nimeshuhudia walimu wakijadili swali la aina hii kwa saa nzima, wakitofautiana, mmoja akisimama kuchora ubaoni, na wote wakatoka wakiijua mada hiyo kuliko walivyoijua walipokuwa chuoni.

Sasa kuhusu huyo ndugu yetu kijana. Namwelewa. Kwetu, mtu akiketi nyuma ya darasa lako huwa amekuja na fomu ya kukupima, nawe unajua kwamba alama zake zitaingia kwenye faili. Kwa hiyo anzeni na kanuni mbili, na mzishike bila kulegea. Kwanza, anayeketi darasani haandiki neno lolote kuhusu mwalimu. Anachagua wanafunzi watatu au wanne, anaketi karibu nao, na anaandika wanachoandika, wanachofuta, wanachonong'onezana, na dakika waliyoacha kufuatilia. Pili, somo ni lenu nyote kwa kuwa mliliandaa pamoja, kwa hiyo likikwama limekwama mikononi mwa watu watatu. Na wewe mkuu wa idara, fundisha wa kwanza, lakini usichague darasa lako bora. Kijana akishaona somo lako likikwama mbele yake, na akaona jinsi ulivyolizungumzia jioni bila kujitetea wala kuwalaumu watoto, yeye mwenyewe ataomba zamu.

Gharama ni manila, makasi na kipindi kimoja cha dakika 40 ambacho mwalimu mkuu ataombwa akilinde katika ratiba. Mwalikeni aje kuona. Huenda mkapata hata ile nauli.

SWALI: Mwaka huu ninafundisha Gredi ya 10 na bado nina kidato cha tatu. Nusu ya siku niko katika mtaala mpya wa umilisi (CBC), nusu nyingine katika mtaala wa zamani wa 8-4-4. Ningependa kujua mafunzo gani ya kutafuta kwanza, maana siwezi kuhudhuria yote. (Mwalimu, Lang'ata)

JIBU: Mzigo wako ni mzito, na utaubeba mpaka wale wa kidato cha tatu wamalize KCSE yao mwaka 2027, wakiwa wa mwisho katika mfumo wa 8-4-4. Juu ya hayo, Gredi ya 10 ina Hisabati mbili, ile ya kina kwa wanaofuata mkondo wa sayansi na teknolojia, na ile nyepesi zaidi kwa wanaofuata mikondo mingine, baada ya serikali kuamua mwaka 2025 kwamba hakuna mwanafunzi wa sekondari pevu atakayeliacha somo hili kabisa. Niliufurahia uamuzi huo, lakini umeleta darasani vijana waliokuwa wamekwisha kuiaga Hisabati mioyoni mwao, na hao ndio watakaokuhitaji zaidi.

Kwa hiyo tafuta kwanza mafunzo ya kusikiliza jinsi mwanafunzi anavyofikiri na kueleza. Nakupa mfano. Katika mada ya ukosefu wa usawa (inequalities), swali likisema mwenye duka anahitaji mifuko angalau kumi, wanafunzi wengi huandika alama ya "kidogo kuliko", kwa sababu neno la Kiingereza lililotumika katika swali, "at least", linafanana kwa sauti na neno la upungufu, "less". Mwulize mtoto huyo huyo kwa Kiswahili, "Mama amekuambia ulete angalau ndoo kumi za maji. Ukileta nane atakupokea? Ukileta kumi na mbili je?" Atakujibu mara moja, na alama atairekebisha mwenyewe. Sikwambii uache kufundisha kwa Kiingereza, kwa maana mtihani unamngoja kwa lugha hiyo. Ninachosema ni kwamba mtoto huyo alikuwa na hisabati kichwani na lugha ndiyo iliyomziba njia, na mwalimu asiyefundishwa kusikiliza atamwandikia kwamba hajui.

Pili, tafuta mafunzo ya upimaji. Mtaala mpya unakutaka uamue kama mwanafunzi anazidisha matarajio, anayafikia, anayakaribia au yuko mbali nayo. Maneno hayo yanasomeka kwa urahisi mpaka walimu wawili wanapopewa karatasi moja. Kama huwezi kupata semina ya jambo hili, waite walimu wa shule mbili za jirani, mchukue kazi kumi za wanafunzi, nakala kwa kila mtu, na kila mmoja azipime peke yake bila kuzungumza. Kisha someni viwango mlivyotoa kwa sauti, kazi moja baada ya nyingine. Mahali mnapokubaliana pitieni haraka. Mtakapofika kwenye karatasi ambayo mmoja amesema inayafikia matarajio na mwingine amesema iko mbali nayo, wekeni kalamu chini na kila mmoja aonyeshe kwa kidole mstari uliomfanya aamue hivyo. Anzeni na karatasi hiyo, na msiharakie ya pili.